Séphora na Mrushaji Aliyesita

Séphora Kahongya, mshonaji wa nguo katika komini ya Mususa mjini Butembo, alijifunza besiboli Kampala, alikokuwa akifuatana na shangazi yake kununua vitambaa. Aliporudi Butembo alikuwa mtu pekee aliyezijua sheria zote za mchezo huo, na vijana wakamfanya mwamuzi wao.

Jumapili ile timu ya Mususa ilikuwa sare na wageni wa Beni. Mususa, ambao kura iliwapa kuanza kupiga, walikuwa wamemaliza zamu yao ya mwisho, na mgeni mmoja alikuwa amefika kituo cha tatu. Akiingia tu nyumbani, kituo cha mwisho kinacholeta pointi, Beni wameshinda. Maliro, mrushaji wa Mususa, akainua mguu, akapeleka mkono, kisha ghafla akaganda na mpira kiganjani, kama mpiga penalti anayemchezea kipa. Watu wakaishangilia chenga hiyo.

Séphora akamnyooshea kidole. "Kosa!" Akamwashiria mgeni aingie nyumbani.

Papa Apollinaire, mkubwa wa mashabiki, akaingia uwanjani mbio. "Wee mama, unatuibia! Mutoto hata hakurusha!"

"Ndiyo kosa lenyewe, papa."

"Mais, mu mupira ya miguu feinte, chenga kama hii, ni akili!"

"Hii hapana mupira ya miguu."

Séphora akavua kinyago chake cha kukinga uso, akaenda kusimama mahali pa mrushaji, akainua mguu, akapeleka mkono, akaganda.

"Muangalie bote! Mukimbiaji akiona hivi, anajua mupira unaenda. Donc ukianza kurusha, urushe. Ukimudanganya, anapewa kituo kimoja."

Akarudia polepole, akiwaelekea waliokaa upande wa pili.

"Umemaliza danse?" Apollinaire akauliza, na watu wakaangua kicheko. "Badilisha, ama hautasimamia tena mechi hapa Mususa!"

"Sitabadilisha, papa. Hata Maliro angekuwa mutoto wangu wa tumbo."

Juma zima vijana walikatazwa kumwita, na kweli hakuna aliyemwita. Jumapili iliyofuata Séphora alifika kabla yao wote, akachora mistari kwa majivu, akavaa kinyago, akasimama mahali pake, nyuma ya pale anaposimama mpigaji.

"Nani amekuita?" Apollinaire akafoka.

"Hakuna mutu. Kuko mwingine anajua sheria? Akuye hapa, nimupishe."

Apollinaire akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna aliyesogea.

"Rusha!" akasema Séphora.