Vanishi ya Kabati Majini

Miaka mingi nimepiga vanishi makabati na vitanda vya watu pale Majengo, na mwanamke akidumu kwenye kazi hiyo, mdomo nao unakua. Kwa hiyo shemeji yangu, mume wa dada, alipostaafu kule kiwanda cha sukari, akanunua mtumbwi wa mbao kwa kiinua mgongo chake ili avue samaki bwawa la Nyumba ya Mungu, nilijitolea kuupendezesha kabla hajaniomba.

"Shemeji, huu unakaa majini na juani," aliniambia. Yeye ni mtu wa Kigoma, kazaliwa kando ya ziwa.

"Mbao ni mbao," nikamjibu. "Wewe kaa hapo usubiri kushangaa."

Niliupiga vanishi ile ile ya makabati, inayokauka upesi, mikono minne. Uling'aa mpaka majirani wakaja kujitazama sura. Nikapiga nao picha, nikajiona fundi wa mafundi.

Haikutimia miezi miwili dada akanipigia simu. Vanishi ilikuwa imepasuka, inabanduka kama ganda la kitunguu, maji yameingia chini yake na mbao zimeanza kuwa nyeusi. Vanishi ya ndani ni ngumu. Mbao ya majini huvimba na kusinyaa, na vanishi hiyo haiwezi kuifuata. Hilo nililijua, hata kwenye kopo limeandikwa. Nilitaka tu mng'ao.

Nikampigia shemeji, hakupokea. Wiki tatu hakupokea. Mtu aliyekuwa akinitania kila Jumapili! Heri angenitukana, ningepumua. Kiinua mgongo hakitoki mara mbili, na mimi ndiye niliyekuwa nakiozesha. Niliona aibu hata kwenda kwa dada.

Mama, huko kwetu mlimani, aliposikia hakunipa pole. Alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, akakata tawi la isale, akanishikisha. Kwetu mtu akikujia na isale amekuja kuomba radhi, na hukatai.

"Peleka," akasema. "Na huo mdomo uuache hapa."

Nilimkuta shemeji ufukweni anakwangua mtumbwi peke yake kwa kisu, dada kaketi pembeni. Nikamwamkia, nikamnyooshea tawi kwa mikono miwili. Akalitazama bila kulipokea.

"Ndiyo brashi mpya hiyo?"

Dada alicheka mpaka machozi, kisha akamweleza. Mimi sikucheka. Niliendelea kumnyooshea tawi.

"Yaani nikilipokea siruhusiwi tena kukasirika?" akauliza.

"Ndiyo hivyo."

"Nyie Wachaga mna ujanja!" Akalipokea. "Lakini msasa utashika wewe."

Niliushika. Tuliuvuta mtumbwi kivulini, tukaukwangua mpaka mbao tupu, tukauacha ukauke vizuri. Safari hii nilileta vanishi ya mafuta, ya nje. Mkono wa kwanza niliuzimua kwa tapentaini ili mbao inywe. Nikangoja ukauke, nikapitisha msasa mwepesi, nikapiga mwingine, hadi sita. Nilizinywesha zaidi ncha za mbao na matundu ya misumari, maana maji huanzia hapo. Kila asubuhi shemeji aligusa kwa kidole gumba, akatikisa kichwa: bado. Mimi nisiye na subira nikasubiri.

Sasa ni mwaka. Juzi asubuhi simu yangu iliita, na ni yeye.

"Shemeji, pale mbele jua limeanza kuila vanishi. Njoo kabla haijapasuka."

Nilishuka siku hiyo hiyo. Pale anapofunga mtumbwi, lile tawi alilokuwa amelichomeka ardhini limechipua. Dada anasema mumewe hulimwagilia kwa kopo la kukumbia maji mtumbwini. Nilianza kumweleza ni vanishi gani nimeleta na kwa nini. Hakunisikiliza. Alinikabidhi brashi, akaenda zake ndani kunywa chai.