Maji Yaliyogongwa Muhuri wa Siri

Nilikuwa mtangazaji wa redio ndogo pale Dongobesh, redio ya bei za mahindi, salamu na matangazo ya vifo. Jioni moja alikuja nyumbani fundi wa maji, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, akanionyesha picha kwenye simu yake. Yalikuwa majibu ya vipimo vya kisima kipya cha kijiji kimoja, njia ya Maretadu. Madini yanayopinda mifupa ya watoto yalikuwa yamezidi mno. Juu ya ukurasa paligongwa muhuri: SIRI.

"Wakubwa wanakuja kukizindua," alisema. "Nimeambiwa nifunge mdomo. Lakini watu wameshaanza kuyanywa, dada."

Nilimuuliza kama anajua kitakachompata.

"Najua," alisema. "Na mimi nina watoto."

Asubuhi nikayasoma majibu yale hewani, bila kumtaja. Kabla ya saa sita polisi walikuwa mlangoni.

"Nani amekupa?" aliuliza mkubwa wao.

"Afande, maji yale ni mabaya au si mabaya?"

"Hilo halikuhusu. Siri ni siri."

Nililala mahabusu na sikumtaja. Haikusaidia kitu. Walioyaona majibu yale ofisini walikuwa wachache, polisi wakamfikia. Mimi niliachiwa, yeye alishtakiwa kwa kutoa siri za serikali, akasimamishwa kazi. Kesi inaahirishwa tu, huu mwaka wa tatu. Mkewe aliuza kabati na vitanda, akarudi kwao na watoto. Nilimsindikiza hadi stendi. Hakunitazama usoni.

Redio ilifungiwa, kisha ikafunguliwa kwa sharti la kutogusa mambo ya serikali bila kibali. Siku hizi nasoma matangazo ya vifo.

Majuzi nilipita kile kijiji nikienda msibani. Kisimani palikuwa na foleni ya ndoo. Mama mmoja mzee alikuwa na mjukuu wake wa kike, miguu imeanza kupinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si wewe yule wa redio?"

"Ndiye mimi."

"Mlisema maji haya mabaya, tukarudi mtoni, mbali kule. Halafu mkanyamaza. Tukajua yameshakuwa mazuri."

Nilifungua mdomo. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimama hatua chache, anatuangalia. Nikainama, nikamsaidia mama kujitwika ndoo.