Mlango wa kioo niliodhani umefungwa

Krrr. Mlio huo haujanitoka masikioni.

Mzee Bakari, fundi wa mashua hapa Utende, nilimtarajia jioni, aje kurekebisha mlango wa kioo wa barazani uliogoma kusukumika. Saa nne asubuhi niko chumbani, mlango huo nimeufunga kwa ufunguo, nikasikia krrr. Kisha nyayo sebuleni.

Nikachungulia. Kumbe Mzee Bakari, amewahi kabla ya jioni.

"Hodi, mwanangu! Nimeita barazani mpaka nimechoka."

Shikamoo ilinipotea. "Umeingiaje, babu?"

"Nimeunyanyua tu kutoka kwenye reli. Kufuli lako hili pambo."

Mwaka mzima nalala peke yangu nikijiona nimejifungia!

Ameshapachika kipande cha mbao kwenye reli ya juu, haunyanyuki tena. Ninyi mngelala humo leo?

Mimi godoro langu nimeshalihamishia kwa Bi Zuhura, jirani yangu.