Kazi ya Jikoni, Saa Kumi na Mbili na Nusu

Mume wangu ni fundi wa lifti. Miaka thelathini kwenye maghorofa ya watu, na kila alichogusa alikiandika kwenye kalenda ya simu: mahali, tatizo, kilichofanyika, kilichobaki. Ukimuuliza lifti ya benki ilikatika waya lini, anaandika "waya" pale pa kutafutia, anakujibu kabla hujameza mate. Na kila kazi aliipa tarehe ya mwisho. Kazi isiyo na mwisho, alisema, ni ya mvivu. Nilimcheka: "Wewe hata ndoa ungeiwekea tarehe."

Mwaka juzi akaanza kusahau. Kwanza funguo, kisha njia ya nyumbani. Binti yetu alipokuja kumwona, baba yake akamuuliza ametumwa na ofisi gani. Mtoto wa watu akaenda kulia bafuni.

Lakini mimi alinijua. Kila asubuhi simu yake inalia, mara anaingia jikoni: "Umeamkaje, Bosi?" Bosi ni jina alilonipa tangu uchumba, kwa ajili ya huu mdomo wangu. Basi nikavimba kichwa. Wifi alipoleta habari za kumpeleka kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa, nilimkatiza: siku atakayonisahau mimi, ndiyo tuongee.

Jumatatu simu haikulia. Akasimama mlangoni mwa jikoni, kofia mkononi, heshima zote.

"Samahani, dada. Mwenye nyumba yupo? Nimekuja kuangalia lifti."

"Ametoka," nikasema. Sijui kwa nini. Nikavuta kiti, nikakaa.

Baadaye nikaichukua ile simu, nikaandika "Bosi" pale pa kutafutia. Ikatokea kazi moja, ya kila siku, saa kumi na mbili na nusu. Aliiandika mwaka jana, siku aliyokwenda kwa daktari peke yake akarudi akisema ni uchovu tu.

"Mahali: jikoni. Tatizo: nitamsahau. Kilichofanyika: sijamwambia. Kilichobaki: mwanamke aliye jikoni ni mke wako. Mwite Bosi. Usimuulize jina, ataumia."

Mwisho wake ulikuwa Jumapili. Mwaka mmoja kamili. Hata hiyo, jamani, aliipa tarehe.

Mwaka mzima natembea kifua mbele, kumbe mwenzangu anasoma. Nililia mpaka chai ikachemka ikazima jiko. Nilipomaliza nikabonyeza irudie kila siku, na penye tarehe ya mwisho nikachagua bila mwisho.

Jana ikalia. Nilimsikia chumbani akisoma taratibu, neno kwa neno, halafu akarudia mara ya pili. Akaja.

"Umeamkaje, Bosi?"

"Salama, Fundi." Nikageukia sufuria asinione uso.

Mchana wifi akapiga simu kuuliza kama kaka yake bado ananijua. Nikamwambia ananijua.