Mtani Dirishani

Ipo siku moja, mwanangu Mwajuma, ambayo kila ikinijia nacheka kwanza, halafu ndiyo nalia kidogo. Jana uliponipigia simu kutoka Mahege ukaniambia umepangiwa kuongoza kikundi cha akina mama waliofiwa, na kwamba semina umemaliza lakini bado unaogopa, nikasema leo lazima nikae nikuandikie. Ya semina sina cha kuyaongeza. Ninachoweza kukupa ni habari za kiti nilichokalia mimi, upande ule wa pili, upande wa wanaosaidiwa.

Baba yako Rajabu hukuwahi kumjua. Alipofariki wewe ndiyo kwanza ulikuwa unasimama kwa kushika ukuta. Ilikuwa masika, mto umejaa, na mtumbwi ulipinduka akivuka kwenda kwenye mpunga wetu ng'ambo. Tulimsitiri hapahapa Ruaruke, na tangu wanaume waliporudi kutoka makaburini, mdomo wangu ukafunga. Sikuwa nimemsusia mtu. Maneno yalikuwa yanakuja mpaka hapa kooni, kisha yanarudi yalikotoka. Eda ikaanza, eda ikaisha, mimi kimya. Ulipolia nilikupakata, nilikunyonyesha, lakini sikukubembeleza kwa wimbo wala kukuita jina lako.

Shangazi yako Mwanaidi, dada yake marehemu, alikuwa akija kutoka Bungu kutuangalia. Usije ukamchukia kwa nitakayokuambia, maana yeye alikuwa na huruma kuliko wengi. Aliona mtoto anakua bila kusikia sauti ya mama yake. Siku moja akasema mbele ya wakubwa wa ukoo, "Mie sina ubaya na wifi yangu. Lakini kama mpaka Ijumaa ijayo hajafungua mdomo, nitamchukua mtoto nikamlee Bungu. Huyu mtoto ataharibika." Wakubwa wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nimesikia kila neno, na sikuweza kusema hata hapana. Sijawahi kuogopa vile tena maishani.

Wakati huo zahanati yetu ilikuwa imeletewa sista kijana, muuguzi kutoka bara, anaitwa Upendo. Yeye ndiye aliyeanzisha kikundi cha wafiwa, kitu ambacho kijijini kwetu hakuna aliyewahi kukisikia. Alitupanga duara ndani ya chumba cha kliniki ya watoto, kwenye viti vya plastiki vinavyogandamana na mapaja kwa joto. Ukutani alibandika karatasi ya manila yenye masharti: mmoja azungumze, wengine wasikilize, yanayosemwa hapa yabaki hapa, hakuna kumcheka mwenzako. Masharti mazuri. Lakini viti vile, mwanangu! Tulikaa kama watu walioitwa barazani kujibu kesi ya mbuzi.

Aliyekuwa anazungumza ni mfiwa mwenzetu mmoja, Bi Tatu, peke yake. Yeye alimpa kila mtu ushauri. Kwangu ndiyo alikuwa hamalizi. "Subiri mwanangu, mshukuru Mungu, kunywa uji, lala mapema, usikae peke yako." Akimaliza, wanawake wote wananigeukia, wananitazama kwa huruma, wanangoja nilie au niseme. Kadiri walivyongoja ndivyo maneno yalivyozidi kurudi nyuma. Sista Upendo naye ananiinamia, "Mama Mwajuma, leo unajisikiaje?" Nainamisha macho kwenye kanga yangu. Kikao kinaisha, tunaagana.

Nikwambie kitu ambacho wakati ule nilikiona lakini sikuwa na maneno ya kukieleza. Wenzangu hawakuwa wanakuja pale kwa ajili yao. Walikuwa wanakuja kwa ajili yangu. Kila mmoja alikuwa na maiti yake moyoni, na kila mmoja alishukuru kwamba yupo Mama Mwajuma wa kuonewa huruma, ili yeye asiguswe. Nilikuwa mgonjwa wa kikundi kizima. Na Bi Tatu, kwa ushauri wake mwingi, alikuwa amejificha kuliko wote.

Basi kikao cha mwisho kabla ya ile Ijumaa, tumo ndani, Bi Tatu yuko kwenye habari za uji, mlango ukasukumwa. Akaingia Bi Somoe, ungo wa mchele kichwani, jasho linamtoka. Bi Somoe ni mtani wangu. Ukoo wao na ukoo wetu wanataniana tangu enzi za mababu, na wewe unajua kwetu mtani kazi yake msibani ni nini. Ndiye anayeruhusiwa kumwiga marehemu, kumsema, kuwachekesha wafiwa katikati ya kilio, na hakuna wa kumkasirikia. Lakini baba yako alipofariki, Bi Somoe alikuwa Mbagala akimuuguza bintiye, na msiba ulimpita. Matanga yakaanuliwa mtani hajafika. Alikuwa ameshuka kwenye basi asubuhi ileile, akaulizia niliko, akachukua mchele wa kunipa pole, akaja moja kwa moja.

Akanitazama juu mpaka chini. "Kumbe wewe bado upo? Mie nilijua umemfuata! Na angekufukuza huko, maana Rajabu alikuwa akikoroma mpaka viboko mtoni wanamjibu. Leo viboko wanalala kwa raha zao."

Wanawake wa kwetu walijua mara moja kinachofanyika, nikawaona wanauma kanga zao wasicheke. Lakini Sista Upendo hakujua. Aliona mama mgeni anamtukana mjane aliyepoteza sauti. Akasimama, maskini, akanitetea kwa nguvu zake zote.

"Mama, samahani. Hapa hatumcheki mtu. Naomba utoke nje."

Na sisi, watu wazima wote tuliokuwamo, hakuna aliyefungua mdomo kumweleza. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Wenzangu walikuwa wanamwogopa kwa sababu ya lile gauni jeupe na ile karatasi ukutani. Bi Somoe hakubishana. Alisema tu, "Haya mwanangu, natoka," akatoka na ungo wake, akajiweka barazani chini ya dirisha, akaanza kupepeta mchele.

Sista akakaa. "Tuendelee," akasema. Hakuna aliyeendelea. Tulikuwa tunasikia mchele tu, unarushwa na kudakwa, unarushwa na kudakwa. Halafu pale dirishani pakatoka mkoromo. Mkubwa, wa taratibu, unaanzia chini, unapanda, unakwama, kisha unamalizikia kwa mluzi. Halafu tena.

Mwanangu, mimi nilikuwa nimelala na Rajabu miaka yangu yote ya ndoa, na baba yako hakukoroma namna ile. Hasira ikanishika. Hasira safi, ya mtu mzima. Nikajikuta nimesimama.

"Muongo wewe! Rajabu hakuwa na mluzi! Mluzi ni wa mumeo!"

Sauti ilitoka imekwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Bi Somoe akachungulia dirishani, ungo mkononi, macho yamejaa machozi, na huku anacheka. "Alikuwaje basi? Nifundishe, nisije nikamsingizia maiti wa watu."

Nikamfundisha. Palepale, mbele ya viti vya plastiki, nilimkoromea mume wangu. Kicheko kikapasuka chumba kizima, nami nikacheka, na katikati ya kicheko kilio kikanikamata, kile kilio ambacho nilikuwa sijakilia tangu mwanzo. Hakuna aliyenishauri ninywe uji. Nilipotulia, nikamsikia Bi Tatu anazungumza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa anaeleza habari za mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa kimya na kuzikwa kimya, na kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumuuliza jina alilokuwa amempangia. Mama aliyekaa karibu naye akamuuliza. Bi Tatu akalitaja.

Sasa msikilize Sista Upendo alivyofanya, maana hapa ndipo ninapotaka uige. Hakujitetea wala hakuona aibu ya kubadilika mbele yetu. Alikwenda mlangoni, akafungua, akasema, "Mama, karibu ndani. Ninyi mna jambo sikulijua, naomba mnifundishe." Tukamweleza utani. Akauliza maswali mengi, akacheka pale pa kuchekesha. Kikao kilichofuata hatukukuta viti. Alikuwa ametandika mikeka barazani, akatuambia kila mmoja aje na kazi yake ya mkono. Tukaja na ukili wa kusuka na mchele wa kuchagua, na watu wakazungumza huku wanaangalia mikono yao.

Lakini ile karatasi hakuibandua, na alifanya vizuri. Baada ya siku chache mama mmoja, naye akaona utani ni mchezo wa kila mtu, akamtania Bi Tatu habari za yule mtoto. Hakuwa mtani wake. Bi Tatu akaanza kukunja mkeka wake aondoke. Sista akamzuia yule mama kwa sharti lilelile alilomtolea Bi Somoe nje, na safari hii wote tulimshukuru kimoyomoyo.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye ile Ijumaa. Shangazi yako akaja na kikapu cha kutilia nguo zako. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga mboga, wewe umejikongoja mpaka kwenye jiko la mkaa, mkono umeshaunyoosha. Nikapiga ukelele, "Mwajuma! Toka hapo!" Ukaangua kilio, maana hukuwa umezoea kukemewa na mimi. Mwanaidi akasimama mlangoni, kikapu kikamtoka mkononi. Akakaa chini kwenye vumbi na baibui lake la Ijumaa, akasema, "Hebu mkemee tena, wifi."

Nikakukemea tena. Ulilia mpaka ukapata kwikwi, sisi wawili tunacheka. Kile kikapu bado ninacho, natilia vitunguu.

Basi, mwanangu, ninalokuachia ni hili. Ukikaa na watu wako Mahege, usiangalie tu nani anazungumza na nani amenyamaza. Angalia wengine wanafanya nini na ukimya wa yule aliyenyamaza, kama wamempa mzigo wao aubebe. Mwenye ushauri mwingi usimkatize kwa ukali, ila mwachie mlango wake wazi, iko siku atatoka. Masharti yako yashike, kwa sababu yanalinda watu, lakini kabla ya kumtoa mtu nje waulize wenyeji huyu ni nani kwa nani, na ana ruhusa ya kusema nini. Wewe si daktari wao wote peke yako. Wao kwa wao wanajuana, kazi yako ni kuwalindia mahali. Na ukikosea, rudi mlangoni ufungue, kama alivyofanya yule binti wa bara. Nilikaa kwenye mikeka ile kwa miaka mingi baadaye, nikaongoza nami, na sikupata njia nyingine.

Mungu akupe masikio mapana na moyo usiochoka haraka. Akupe watu watakaokuamini, na chai ya tangawizi kila baada ya kikao. Na siku ukimsikia mtu anakoroma dirishani, mwanangu, usiite mlinzi. Inuka ukamfungulie.