Nyuso Nilizozikwangua kwenye Picha ya Gari la Moshi

Namsifu Mwenyezi Mungu, ambaye kwake haupotei uso wala andiko, na namuombea Mtume wake rehema na amani. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa kuniachia kumbukumbu, hata ya lile ambalo ningependa kulisahau.

Babu yetu alifanya kazi kwenye gari la moshi la Bububu, lile ambalo Wamarekani walilijenga Unguja zamani. Picha yake ilikuwa moja tu: gari limesimama, na mbele yake wanaume watatu wenye kanzu, Babu katikati. Tulipohamia Oman, shangazi yetu aliishonea ndani ya mto, akaulalia safari nzima mpaka Ibra.

Mimi nilikuwa kijana, nasoma dini Nizwa. Niliporudi likizo nilimsikia shangazi akisema ataitundika picha chumba tunachosalia, upande wa kibla. Tulifundishwa kuwa haifai kusali mbele ya sura za watu, lakini ningeweza kumwambia aitundike kwengine. Badala yake, alipotoka kwenda kuhani msiba, nilifumua mto, nikachukua wembe, nikakwangua nyuso zote tatu mpaka karatasi ikawa nyeupe. Kisha nikaushona mto kama ulivyokuwa. Nilidhani nimefanya ibada.

Siku chache baadaye dada yangu mkubwa alikuja kutoka Aija, alikoolewa. Yeye ndiye aliyelelewa na Babu, mimi sikumdiriki. Shangazi alifumua mto mbele yake kwa furaha. Dada aliitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena.

"Shangazi, umeilalia mpaka nyuso zimeondoka."

"Nisamehe, mwanangu. Nilihofia kuipoteza."

"Si umeipoteza?"

Nilikuwa nimekaa hapo hapo, kikombe cha kahawa mkononi. Nikaendelea kunywa. Nilipomsimulia mwalimu wangu Nizwa, aliniambia, "Ungeigeuza tu, mwanangu. Sasa kamwambie mama wa watu." Nikasema nitamwambia. Shangazi alifariki sijamwambia, tukamzika Al Qabil.

Mwaka huu dada aliugua, akapona, alhamdulillah. Alipopona akasema anataka kumuona Babu kwa macho kabla hajamfuata. Mjukuu wa dada, msichana anayefanya kazi ofisini Izki, akaja Aija na kompyuta yake. Aliniambia Wamarekani wameweka mtandaoni picha na karatasi zao za reli za kale, na mtu yeyote anaweza kuzitazama. Huenda na picha yetu imo.

Tulikaa asubuhi nzima, sote watatu. Sijapata kuona watu waliotunza vitu namna ile. Ramani za reli, michoro ya magurudumu, barua za kuagiza mataruma ya kulazia reli. Na picha, moja baada ya nyengine: mafundi wamejipanga mbele ya gari la moshi, masizi usoni, wengine hakuna anayewajua majina, na bado kila uso umehifadhiwa.

"Bibi, hii treni iko sawa na yetu," alisema yule binti. "Lakini watu wake iko Wamarekani."

"Kiswahili chako kinachechemea, mama," dada alimwambia. "Sogeza."

Mwishowe tuliliona la Bububu lenyewe, limepigwa picha kwa mbali. Kulikuwa na watu kando yake. Binti akaikuza, akaikuza tena, mpaka watu wakawa madoa ya kijivu.

"Khalas, bibi. Hakuna zaidi."

Dada alijiegemeza kwenye mto. "Wale wamewatunza hata wasiowajua. Sisi wetu mmoja, shangazi akamlalia. Mungu amsamehe, mimi moyo wangu haukuwahi kumsafikia."

Hapo nikaona kwamba nikinyamaza tena, nitakufa nayo. Nikamwambia yote, wembe na sindano.

Dada hakupaza sauti. Alimwambia binti afunge kompyuta. Halafu akaniuliza, "Alipokuwa akiniomba radhi, wewe ulikuwa unakunywa kahawa?"

"Naam, dada."

"Nipeleke Al Qabil."

Njia nzima alikaa kiti cha nyuma na binti. Tulipofika makaburini hakushuka. Aliteremsha kioo, akasema, "Nenda wewe. Mimi nitamuombea hapa." Nilikwenda, nikawatolea salamu waliolala pale, nikasimama kwa shangazi, nikamwambia yote na kumuomba Mola amlipe kwa lawama aliyoibeba badala yangu. Jua lilikuwa kali. Niliporudi, dada alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Umemwambia kuwa ni wewe?"

"Nimemwambia."

"Umechelewa. Na mimi nimechelewa."

Akaitoa picha mkobani mwake, ile ile aliyoachiwa na shangazi, akaweka kidole kwenye doa jeupe la katikati. "Huyu Babu. Andika, mama. Paji pana, ndevu chache, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, akicheka linafumba kabisa." Binti akaandika nyuma ya picha, polepole. Alipomaliza nilimuomba aongeze mstari mmoja: kwamba nyuso hizi zilikwanguliwa na mjukuu wa huyu bwana, na shangazi hana kosa. Dada aliusoma mstari ule mara mbili, akairudisha picha mkobani.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mola akuhifadhie nyuso za uwapendao, akupe ulimi wa kuomba radhi angali hai wa kukusamehe, na akukutanishe nao kwenye rehema yake. Amin.