Mguu wa Kushoto wa Rika Langu

Sifa ni kwa Mungu aliyetuumba na miguu, akatupa na njia za kupitia, akanivumilia mimi mpaka nimefika umri wa kutembea polepole. Namshukuru kwa asubuhi ya leo. Namshukuru hata kwa aibu aliyonipa, maana ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Nyumba yangu iko kando ya njia inayoteremka kwenda kwenye banda la majani chai, juu kidogo ya Manyatta. Kila anayepeleka majani kupimwa hupita mbele ya ua wangu, na kwa miaka mingi nimewajua watu kwa miguu kabla ya kuziona nyuso. Marehemu mke wangu alipenda kunijaribu. Tukiwa jikoni, gambuti za mpira zikisikika nje, aliuliza, "Nani huyo?" Nilimtajia, na mara nyingi sikukosea. Nilimjua mwalimu mstaafu kwa nyonga iliyomsumbua siku za ukungu. Nilijua mama mmoja ana mimba kabla mumewe hajaambiwa, kwa jinsi alivyoanza kukanyagia visigino. Niliwajua pia wenye kiburi, wasiompisha mtu mwenye mzigo, na wapole, ambao huingia kwenye nyasi zenye umande ili mwenye kikapu apite pakavu.

Watu walisema ni kipaji. Ukweli ni kwamba nilijifunza kwa hofu. Baba yangu alikuwa mnywaji, na sisi watoto tulisikiliza hatua zake zikipanda kilima ili tujue kama tutakaa tule au tutakimbilia kwenye mibuni. Mlevi huyumba pande zote mbili. Hupiga hatua ndefu, kisha mbili fupi, kisha husimama kana kwamba kuna mtu amemwita. Somo hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

Sasa nimtaje rafiki yangu, bila jina. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukabatizwa siku moja, na hadi leo tunaitana "rika". Tulikuwa wazee wa kanisa pamoja. Mwaka uliopita, mvua za masika zilipokwisha, alianza kutembea vibaya. Mara ya kwanza nilimwona akigusa ua wangu kwa bega. Mara ya pili aliangukia mtaroni na kikapu chake, saa mbili asubuhi, na wachuma chai wakacheka.

"Mzee ameamka nayo!" mmoja akasema.

Kwetu pombe haramu imetuzikia vijana wengi, kwa hiyo jambo hilo si la kuchekwa muda mrefu. Jumamosi kabla ya Meza ya Bwana, wazee wa kanisa tulikutana, kama ilivyo desturi, kuwataja walio na doa. Mwenyekiti akalitaja jina lake. Yeye hakuwepo. Walisema alikuwa amelala, kichwa kinamuuma.

"Kichwa cha Jumamosi," mzee mmoja akasema. Mwingine akaongeza kwamba alimsogelea akasikia harufu ya uchachu. Hakuna aliyekumbuka kwamba rika langu hubeba kibuyu cha uji uliochacha kila aendapo shambani, kama baba zetu, na kama mimi mwenyewe.

Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe ndiye jirani. Na mwendo wa watu unaujua. Unasemaje?"

Nikasema, "Mwendo wa mlevi naujua tangu utotoni."

Sikusema amelewa. Nimejitetea kwa sentensi hiyo mara nyingi katika maombi, na kila mara imenirudia mkononi kama sarafu mbovu. Baraza lilinielewa vizuri, nami nilitaka linielewe. Kesho yake jina lake likasomwa mbele ya kanisa, kwamba ametengwa na Meza hadi atubu. Alikuwa amefika akiwa amechelewa. Aliposikia, aliinuka kwenye kiti cha wazee, akaenda kuketi benchi la nyuma, akishika ncha za mabenchi njia nzima. Mkewe alimfuata akiwa ameinua uso. Mimi nilisaidia kupitisha kikombe.

Wiki tatu zikapita. Alipopita kwangu sikutoka nje. Lakini masikio hayana mlango. Nilisikia gambuti moja ikikanyaga na nyingine ikikwaruza. Moja ikikanyaga, nyingine ikikwaruza. Ni ya kushoto tu iliyokwaruza, kila siku, na alipoyumba aliyumba upande huo mmoja. Nilijua kwamba baba yangu hakuwahi kutembea hivyo. Nilijua, nikaendelea kunywa chai yangu.

Ndipo mke wa mwanangu akaja kunisalimu kutoka Meru. Wanaishi Kaaga, naye ni muuguzi. Tulikuwa tumeketi uani akinimenyea viazi, rika langu akapita. Hakusalimu. Binti akaacha kisu.

"Baba, yule mzee mguu wake wa kushoto una nini?"

"Si mguu. Ni chupa."

"Chupa gani hiyo inayolewesha mguu mmoja?"

Binti alikuwa tayari amevaa viatu.

Tulimkuta mkewe akipepeta maharagwe. Aliniona, akaendelea kupepeta. "Karibu, mzee wa kanisa. Umekuja kuhesabu chupa? Ziko chini ya kitanda, karibu na Biblia."

"Mama, nisamehe," binti akasema kabla yangu. "Mimi ndiye niliyemleta. Naomba kumwona baba."

Binti alimketisha rika langu kwenye kigoda, akamwambia anyooshe mikono yote miwili na afumbe macho. Mkono wa kulia ulibaki juu. Wa kushoto ulianza kushuka polepole, na yeye hakujua unashuka. Mkewe akaweka ungo chini.

"Baba, uliwahi kugonga kichwa hivi karibuni?"

"Ni boriti ya zizi tu," akasema kwa ulimi mzito. "Wakati wa mvua. Ng'ombe alinicheka. Sikumwambia mtu."

Siku hiyo hiyo tulimpeleka hospitali kubwa kwa pikapu ya jirani. Daktari alisema damu ilikuwa ikivuja kidogo kidogo ndani ya fuvu na kuukandamiza ubongo. Walitoboa, wakaitoa. Alisema pia, bila kumlaumu yeyote, kwamba angefurahi kumwona wiki kadhaa mapema.

Rika langu alirudi nyumbani akiongea vizuri. Mguu haukurudi wote. Nilikwenda kumwomba msamaha na nikapiga magoti. Alinishika bega akasema, "Inuka, rika, utashindwa kuinuka, na mimi sina nguvu ya kukuinua." Lakini mkewe alibaki amesimama mlangoni.

"Yeye amekusamehe kwa sababu ndivyo alivyo," akaniambia. "Mimi nina neno moja. Lile la ulevi mlilisema kanisani, kwa sauti. Lirudisheni kanisani, kwa sauti."

Neno lake nililipeleka kwa baraza. Walisema jina lake litarudishwa kimya kimya, inatosha. "Ukisimama utatuaibisha sisi sote," mwenyekiti akasema. Nikamjibu kwamba aibu hiyo alikuwa ameibeba mtu mmoja kwa wiki nyingi, akiwa mgonjwa, na sisi tuko wengi na wazima.

Jumapili ya Meza ya Bwana iliyofuata niliinuka kwenye kiti cha wazee kwenda mbele. Ni hatua kumi tu. Nikashika ncha ya benchi, kisha ya pili, kama alivyofanya yeye. Halafu kutoka benchi la nyuma, ambalo alikataa kuliacha mpaka jina lake lisafishwe, ikaja sauti yake:

"Polepole, rika. Watasema umelewa."

Watu wakacheka, wengine wakalia. Mimi sikuweza kufanya lolote kati ya hayo mawili. Nilisema nilichokuja kusema: kwamba hakulewa, kwamba mimi nilisikia mguu mmoja ukikwaruza nikakaa kimya, na kwamba waliomtenga walitegemea neno langu. Kisha akaja mbele, fimbo, mguu, mkwaruzo, nikampa kikombe.

Mkewe hunisalimu sasa, kwa ncha za vidole. Nashukuru kwa hizo ncha. Na kila asubuhi mkwaruzo ule ukisikika njiani, mimi hutoka nje nikampokea kikapu, nikatembea naye hadi bandani, kwa mwendo wake.

Nawe unayesoma, Mungu ailinde miguu yako isikwae, na siku itakapokwaa akupe jirani atakayeuliza kabla ya kusema. Amina.